Mwezi Maziwa Yalipogoma Kuganda

Jumapili, Shinyanga. Joto limetangulia jua leo. Saa mbili asubuhi bati la jikoni lilishaanza kulia, kuku wamejibanza kwenye kivuli cha pipa la maji, na mimi nimekaa nacheka peke yangu kama mtu aliyepagawa.

Aliyenichokoza ni mjukuu wangu Tatu, anayesomea mambo ya maabara Mwanza. Jana alikuja kunisalimia, akaanza kunieleza anachojifunza. Kumbe seli za mwili zinatumiana habari, na habari zenyewe ni protini. Watu wa maabara wanazinasa kwa kingamwili, kitu kinachokuja kwenye kichupa kidogo kuliko kidole gumba, na ukikisahau kwenye joto kinakufa.

"Ni vigumu kidogo kukueleza, Bibi," akasema, kwa upole kabisa.

Nikamwambia kingamwili cha namna hiyo tulikuwa nacho hapa hapa mjini, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na kilitufia. Akataka kujua kilikufaje. Nilianza vizuri, lakini nilipofika kwa Bwana Salumu kicheko kikanishika, nikakohoa mpaka nikaletewa maji. Hakupata kisa chote.

Ngoja nikiandike.

Wakati ule nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali ambayo sitaitaja, na mke wa Hamisi, karani wa kiwanda cha kuchambulia pamba. Ndoa yetu ilikuwa changa lakini si changa tena kiasi cha kusamehewa kukosa mtoto. Tuliishi nyumba moja na wazazi wake. Baba mkwe, Mzee Idi, alikuwa amestaafu reli na sasa kazi yake ilikuwa redio. Mama mkwe, mtu wa asili ya Ujiji, alikuwa na maneno machache na macho mengi. Hakuwahi kuniuliza kitu. Kila asubuhi alinitazama tumbo, kisha akatazama juu, kama mkulima wa Kishapu anayesaka wingu.

Macho yale yalinichosha kuliko matusi.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja. Mkuu wake alikuwa Mzee Petro, mtu mnene mwenye subira, na kazi yetu kubwa ilikuwa malaria na kichocho. Mimba tulipima kwa vyura. Msinicheke, ndivyo ilivyokuwa. Mkojo wa mwanamke ulidungwa kwenye chura dume, na chura akitoa mbegu baada ya muda, basi mwanamke ana mimba. Masika vyura walifanya kazi vizuri. Kiangazi walizubaa, wakatoa majibu wanayoyataka wao. Mzee Petro aliwatunza ndani ya beseni lililofunikwa chekeche, na nadhani aliwapa majina, ingawa alikataa kukiri.

Ndipo akaja Daktari Mabula.

Alishuka kwenye treni ya kutoka Dar es Salaam amekumbatia chupa ya chai kubwa kifuani kama mtoto mchanga. Baadaye alitusimulia kwamba abiria wa behewa lake walimnunia kuanzia Dodoma, wakidhani anawanyima chai. Ndani hamkuwa na chai. Mlikuwa na barafu, na katikati ya barafu vichupa vya dawa aliyokuja nayo kwa utafiti wake.

Alikuwa kijana, mtoto wa huku huku Usukumani aliyesomeshwa mbali, na alipenda kazi yake hata ukamwonea huruma. Alituweka chini, mimi na Mzee Petro, akatueleza. Mimba ikiingia, hata ikiwa ndogo kama punje ya ulezi, inatuma protini kwenye mwili wa mama kuuambia: nipo, mwezi huu usilete damu. Protini hiyo inapita mpaka kwenye mkojo. Sasa, ukimdunga sungura protini hiyo, mwili wa sungura unaiona ni mgeni asiyealikwa, unatengeneza askari wa kuikamata. Askari hao ndio kingamwili. Unachukua damu ya sungura, unatenga maji yake, na hiyo ndiyo dawa.

Kupima kwenyewe kulikuwa rahisi. Kwenye kioo cheusi unaweka tone la mkojo na tone la dawa ya sungura. Halafu unaongeza tone la kitu cheupe kama maziwa, chenye punje ndogo sana zilizopakwa protini ile ile. Ukitikisa kioo unangoja. Kama mkojo una protini ya mimba, askari wanakuwa wameshashughulika nayo, punje hawazigusi, na maziwa yanabaki mabichi. Kama mkojo hauna kitu, askari wanazikamata punje na kuzifunga pamoja, maziwa yanaganda.

"Kwa hiyo mabichi ni mimba," alisema Mzee Petro taratibu, "na mgando ni hakuna."

"Hasa!"

"Mbona kinyume nyume?"

Daktari alicheka. Sisi pia tulicheka. Laiti tungelifikiria swali lile kwa siku moja zaidi.

Vyura waliachiwa huru siku iliyofuata, kule kwenye majaruba ya mpunga nje ya mji. Mzee Petro aliwapeleka mwenyewe kwa baiskeli, akarudi na beseni tupu.

Utafiti wa Daktari ulikuwa kujua dawa yake inaweza kuisikia sauti ya mimba mapema kiasi gani. Alihitaji wanawake wengi, wa mjini na wa vijijini. Wiki ya kwanza walikuja wachache, maziwa yakawa mabichi kwa baadhi na mgando kwa wengine, kama ilivyopasa. Kila asubuhi tulianza na mkojo wa mwanamume, kuhakikisha kwamba dawa inagandisha. Baadaye Daktari akaona tunamaliza dawa ya thamani kwa kuuliza swali tunalolijua jibu lake. Tukaacha.

Kisha akaipanga upya maabara.

Tulikuwa na friji ya mafuta ya taa, ile yenye utambi unaowaka kwa nyuma na kwa mbele inatoa baridi, jambo ambalo mpaka leo naona ni uchawi. Daktari alitaka nafasi ya meza, akaisukuma friji kwenye kona. Kona ile sakafu ilikuwa na mteremko ili maji ya kuoshea yapate kutoka. Friji za namna ile zikikaa upande zinawaka moto vizuri tu ila hazitoi baridi hata chembe. Hatukujua. Tena zamani tungegundua siku hiyo hiyo, kwa sababu kila mtu pale hospitalini alihifadhi humo maji yake ya kunywa. Lakini Daktari alikuwa ameshapiga marufuku vitu vya kunywa. Alisema ile ni nyumba ya sayansi, si duka la soda.

Kwa hiyo utambi uliwaka, mlango ukafungwa, na dawa ya sungura ikakaa humo inapikwa.

Nilikuwa wa kwanza.

Siku zangu zilikuwa zimechelewa kidogo, na mwanamke aliyengoja sana akichelewa kidogo anajenga nyumba nzima juu ya kidogo hicho. Daktari na Mzee Petro walipotoka kwenda kula, nikajipima. Nilitikisa kioo, nikangoja. Maziwa yalibaki mabichi. Nikatikisa tena kwa nguvu, kama mtu anayebembeleza yagande ili aamini. Mabichi. Meupe, laini, yanang'aa.

Nililia juu ya kile kioo mpaka nikaogopa machozi yasiingie.

Hamisi alipopata habari alitoka, akarudi na mbao za kitanda cha mtoto begani. Mzee Idi alizima redio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa taarifa ya vita. Mama mkwe alisimama, akaninyang'anya ndoo ya maji niliyokuwa nimeshika, na tangu saa ile hakuniruhusu kubeba kitu kizito kuliko sahani.

Kisha wakaanza wengine. Mke wa mwenye hoteli ya stendi, mabichi. Mwalimu wa shule ya msingi, mabichi. Muuguzi wetu wa zamu, mabichi, akazirai. Kila kioo maziwa yalikaa mabichi, na Daktari Mabula alitembea juu ya mawingu. Alituambia dawa yake inasikia mimba ambazo hata Mungu hajamaliza kuziumba. Siku nilipomwambia mwanamke fulani ana mimba, naye akasema kwamba siku zake zimekwisha juzi tu, Daktari alifurahi zaidi: "Unaona? Mapema mno!"

Habari ilienea, na kama kawaida ya habari ilibadilika njiani. Ilipofika Kishapu ilikuwa inasema hospitali kuna dawa ya sungura. Sungura anavyojulikana kwa kuzaa, ukidondoshewa tone moja unashika mimba. Ilipofika machimboni Geita ilikuwa inasema ukidondoshewa matatu unapata pacha. Walikuja na malori ya pamba. Walikuja na basi kutoka Chato, kwa kuunganisha. Sokoni watu walisalimiana, "Vipi, maziwa gani?" Tuliwaeleza kwamba sisi tunapima tu, hatugawi mimba wala hatuipandikizi. Walitikisa kichwa kwa heshima, kama unavyomkubalia mganga anayejifanya hana uwezo.

Mmoja wao alikuwa Nyamizi, mwanamke wa Nkome aliyekuwa akiuza dagaa. Alikuwa ameolewa muda mrefu bila mtoto, na mumewe alishaanza kutembelea ukoo mwingine kuangalia mabinti. Nilipomwambia maziwa ni mabichi hakuruka wala kupiga vigelegele. Alikaa chini pale pale sakafuni, akaweka mkono tumboni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa nalala upande gani?"

Nikamwambia upande wa kushoto. Nilijiona mjuzi.

Nyumbani, wakati huo, mambo yalikuwa yanaenda ovyo na mimi sikuelewa. Mama mkwe alikonda. Alininunulia udongo wa kula, ule mwekundu unaouzwa kwa mafungu, lakini nilipoutafuta nilikuta ameumaliza mwenyewe. Aliacha kwenda kwenye harusi. Na hasira zake zote zilimwangukia Mzee Idi. Alimtupia sahani ya wali kwa kishindo, akaondoka kabla mzee hajanawa.

"Nimekosa nini?" mzee aliniuliza siku moja, kwa unyonge.

Nilidhani ni kazi nyingi za kunihudumia mimi.

Tuliendelea hivyo mpaka akaja Bibi Minza. Alikuwa bibi wa Kishapu, mwembamba, aliyemsindikiza mjukuu wake. Alipoona kila mtu anatoa mkojo naye akatoa, maana hakutaka kuonekana mchoyo. Daktari alimwita faragha, akakohoa.

"Bibi, majibu yanaonyesha una mimba."

Bibi Minza alimtazama kwa huruma ndefu. "Daktali," alisema kwa lafudhi yake ya Kisukuma, "mume wangu nilimzika mwaka wa njaa. Huyu mtoto amekuja kwa basi gani?"

Mimi niliona hapo ndipo akili zingeturudia. Lakini Daktari aliogopa jambo jingine. Vipo vivimbe, alituambia baadaye na uso wake umepauka, vinavyoweza kutoa protini ile ile. Alimlaza Bibi Minza wodini, akaandaa safari ya kumpeleka hospitali kubwa ya Mwanza akapasuliwe tumbo na kuchunguzwa. Gari lingeondoka siku mbili baadaye. Bibi aliuliza kama atarudi. Hakuna aliyemjibu vizuri. Alianza kugawa mbuzi wake kwa mdomo, kitandani, mmoja mmoja, huku mjukuu wake akilia.

Kabla gari halijaondoka, alikuja Bwana Salumu.

Kila mtu mjini alimjua Bwana Salumu, muuza vitambaa mwenye kitambi cha heshima na wake wawili. Wake wote wawili walipimwa, mabichi. Mama wa mke mkubwa aliyekuwa amekuja kuwatembelea naye akapimwa, mabichi. Bwana Salumu alikuwa mtu wa biashara, na mtu wa biashara akiona mizani inampendelea kila mteja, hukagua mizani. Alijaza kichupa, akakiandika jina la mke mdogo, Asha binti Omari, akakaa kwenye benchi pamoja na wanawake kungoja.

Daktari alitoka na tabasamu lake. "Asha binti Omari! Hongera, mama. Maziwa mabichi."

Bwana Salumu alisimama, akarekebisha kofia.

"Ni mimi, Daktari."

"Hongera na wewe baba. Mama yuko wapi?"

"Asha yuko nyumbani anachambua mchele. Mkojo ni wangu. Nimeutoa mwenyewe asubuhi hii baada ya uji." Alishika tumbo kwa mikono miwili. "Sasa naomba unieleze mambo mawili tu. Nitajifungua lini, na baba ni nani?"

Benchi zima liliporomoka. Wanawake walishikana, mmoja alianguka na kapu lake la viazi, muuguzi wa zamu akaingia stoo akajifungia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilikuwa nimeshaelewa.

Daktari aliingia ndani, akafunga mlango. Alipima mkojo wake mwenyewe. Mabichi. Akampima Mzee Petro. Mabichi. Akasimama kidogo, akafungua bomba, akapima maji.

Bomba la hospitali lilikuwa na mimba.

Akaenda kwenye friji, akaingiza mkono. Alikaa hivyo muda mrefu, mkono ndani, kama anayetafuta yai chini ya kuku anayeatamia. Na joto lilikuwa ni lile lile la kuku.

"Askari wamekufa," alisema. "Hakuna wa kugandisha. Hata tungepima mawe."

Mzee Petro alivuta kiti, akakaa. "Vyura wangu walikuwa wanakosea," alisema bila hasira. "Lakini hawakuwahi kumpa mwanamume mimba."

Lazima nimwandikie Daktari Mabula haki yake hapa. Mtu mwingine angesafiri usiku ule ule. Yeye alikwenda kwanza wodini kwa Bibi Minza, akapiga magoti pembeni ya kitanda.

"Kwa hiyo sina mtoto wala uvimbe?" bibi aliuliza.

"Dawa yangu ndiyo iliyokuwa mgonjwa, Bibi. Nisamehe."

"Yaya, yaya," akasema bibi, akikataa kwa Kisukuma huku anatafuta kandambili zake kwa miguu. "Mimi ninachotaka ni kuwahi nyumbani. Mbuzi wangu nimeshawagawa, na watoto wale hawachelewi."

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki, na wanawake walijaa mpaka uani. Daktari alipanda juu ya benchi. Aliwaambia yote, friji, mteremko, joto, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, bila kumtupia mtu mwingine lawama. Alisema wengine wao wana mimba kweli na wengine hawana, na yeye hawezi kujua ni akina nani mpaka dawa mpya ifike.

Kisha mama mmoja wa machimboni, mwenye sauti ya kuzoea kupigia kelele watu walio ndani ya shimo, akapaza: "Kwa hiyo unatunyang'anya?"

"Mama, hazikuwepo."

"Ulisema zipo! Ulizipeleka wapi?"

Ikawa vurugu. Wengine walidai warudishiwe mimba zao, wengine walidai nauli, mmoja alirusha kiatu. Kilimpata Mzee Petro, asiyehusika. Wapo waliocheka, hasa waliokuwa na watoto saba nyumbani. Mmoja wao alimbusu Daktari mkono na kukimbia kabla hajabadilisha maneno.

Nyamizi alikuwa ameegemea ukuta. Nilimwendea. Nilianza, "Nyamizi, mdogo wangu," nikakwama.

"Nimelala upande wa kushoto kila siku," alisema.

"Najua."

Alifunga kitenge chake upya, polepole. "Mume wangu alinipikia ugali. Mwanamume wa Nkome, alisonga ugali mwenyewe, mbele ya majirani." Alijitoa ukutani. "Huyo Daktari asije akadhani atazichukua na siku zile. Zile ni zangu. Nimeshakaa nazo."

Akaondoka. Nilikwenda nyuma ya maabara, nikalia kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Siku zangu zilikuwa zimekuja asubuhi ile.

Sasa ikabaki nyumba yangu.

Hamisi nilimwambia njiani, aliponifuata kazini. Alinishika mkono hadharani, jambo ambalo wanaume wa wakati ule hawakulifanya, akasema mbao hazili chakula, zitangoja. Lakini mama yake sikujua nitamwambiaje. Nilifikiria ndoo alizonibebea. Nilifikiria atakavyoyarudisha macho yale angani.

Nilimkuta jikoni anapepeta mchele. Nilikaa kwenye kigoda, nikavua ushungi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona macho mekundu?"

"Mama, sina mimba." Yalinitoka yote kwa mkupuo. "Dawa ilikufa kwenye friji. Ilimwambia kila mtu ana mimba. Bwana Salumu, Daktari, hata bomba la maji. Wote tuliopimwa mwezi huu majibu ni ya uongo. Nisamehe, Mama."

Ungo ulianguka. Mchele ukatapakaa jiko zima, na mama mkwe wangu, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, aliinua mikono miwili juu.

"Alhamdulillahi!" alipiga kelele. "Alhamdulillahi, Rabbi, umenisitiri!"

Nilidhani amerukwa na akili. Nikaumia pia, sitasema uongo. Mkwe wako asherehekee tumbo lako tupu?

Alinishika mabega. Machozi yalimtoka, na sikujua kama analia au anacheka. "Wote waliopimwa? Una hakika ni wote?"

"Wote, Mama."

"Hata waliopimwa siku uliyokwenda Kishapu na Daktari?"

"Hata hao. Kwa nini?"

Alichungulia uani. Alifunga mlango wa jiko, akauegemea, akaninong'oneza sikioni.

Damu yake ilikuwa imekoma miezi kadhaa nyuma. Alihisi joto usiku, kichwa kilimzunguka, na mimi nilipopata majibu yangu, wasiwasi ulimwingia. Alijifunika baibui mpaka machoni, akaenda maabara siku ambayo sikuwepo, akajiita Mwajuma binti Fulani, na Mzee Petro akampa hongera.

Mama mkwe wangu aliamini ana mimba. Kwa umri ule. Kwao, mwanamke ambaye mkwe wake ameanza kuzaa hazai tena. Ni aibu inayowafanya wanawake wanyamaze ghafla ukipita. Alikuwa amebeba siri hiyo huku akinibebea ndoo. Alikula ule udongo akidhani mtoto ndiye anayeutaka. Alipanga kusafiri kwenda Ujiji, ajifungue kwa dada yake, arudi na mtoto aseme ni yatima.

"Na yule mzee!" alisema. "Kila nikimwona na redio yake, nilitaka kumpasua. Anakaa pale kama hakufanya kitu!"

"Na kweli hakufanya kitu, Mama."

Tulitazamana.

Sijawahi kucheka vile tena. Tulicheka tukiwa tumekaa juu ya mchele, tumeshikana, ushungi wangu umeanguka, kilemba chake kimefunguka. Alijaribu kuniambia jambo, akashindwa, akanipiga begani. Katikati ya kicheko aligeuka, akaniona nalia, akanivuta kifuani na kuniweka pale. Hakusema Mungu atakupa. Alisema tu, "Ndoo nitaendelea kubeba," na alibeba.

Mzee Idi aligonga mlango. "Mnacheka nini humo?"

"Njoo ule, mume wangu!" aliitikia Mama kwa sauti tamu, na yule mzee alifungua mlango kidogo, akachungulia kwanza kabla ya kuthubutu kuingia.

Dawa mpya ilikuja kwa treni. Mzee Petro aliisawazisha friji kwa vipande vya matofali, akaweka juu yake sahani ya maji kuona kama imelala sawa. Kila asubuhi tulianza na mkojo wake, na Daktari alitangaza kwa sauti mpaka nje: "Mzee Petro hana mimba, tuendelee." Wanawake waliitikia vigelegele. Mke mdogo wa Bwana Salumu alikuwa na mimba kweli. Nyamizi hakurudi kupimwa, na sikupata habari zake tena. Ninapoiandika hii, hapo ndipo kicheko kinaponikatika kila mara.

Mimi sikupima tena. Mtoto wetu wa kwanza alikuja kimya kimya, baada ya mvua nyingi, na aliyetangulia kujua ni Mama, kwa macho tu. Safari hiyo sikuyaona mazito.

Wakwe zangu wote wawili wameshatangulia, Mungu awarehemu. Mzee Idi alikwenda kwanza, bila kujua kwamba kwa mwezi mmoja alikuwa mshitakiwa katika nyumba yake. Mama alifuata. Siku zake za mwisho nilimwogesha mwenyewe, na kila nilipofika tumboni alifungua jicho moja na kusema, "Mwajuma huyo, mpole," tukacheka mpaka wauguzi wakatushangaa.

Kwa hiyo siri imebaki kwangu peke yangu. Hamisi yuko hapo ndani, anavaa viatu aende kumjulia hali rafiki yake. Ni mzee sasa, mtoto wa pekee wa mama yake, na daima husema alitamani kuwa na mdogo wake. Je, nimwambie kwamba alikaribia kumpata?

Acha kwanza anywe dawa yake ya presha.